Siki Haihesabiki

Jumatatu, 4 Machi

Enzi mpya! Kwaherini, vifuko vya dukani! Leo nimekwenda ghala la jumla, lile ambalo lori huingia na kugeuza humo humo. Nilipostaafu ualimu, mke wangu alinikabidhi ufunguo wa stoo. Nimeuvaa shingoni kwa uzi, kama filimbi ya zamu.

Kaka yake, ambaye tunakaa naye, hununua kila kitu kidogo kidogo. Mimi humwita Kibaba. Alinionya kwamba haba na haba hujaza kibaba. Nikamweleza, kwa upole, kwamba methali yenyewe inakomea kwenye kibaba, ghala haikulitaja. Akanyamaza. (Alikuwa anatafuna, lakini kunyamaza ni kunyamaza.)

Ghalani karani aliandika: “Siki, kumi na mbili.” Sikuvumilia. Nikamfafanulia kwamba siki ni kimiminika, haihesabiki. Kinachohesabika ni chombo chake. Kipimo lazima kitajwe! Akauliza mzee anataka kipimo gani. Nikamjibu: kile kinachotumika hapa. Akaongeza neno moja, akagonga muhuri. Kumbe wanafunzi wasikivu bado wapo.

Jumanne, 5 Machi

Lori limefika. Katoni kumi na mbili. Kila katoni, chupa kumi na mbili. Chupa mia moja arobaini na nne!

Nimeisoma hati mara tatu. Sarufi haina doa.

Mke wangu hakusifu sarufi. Cherehani yake imezibwa nyuma ya katoni, na ana sare za kwaya nzima za kushona. Ametoa hukumu: Jumapili stoo iwe wazi, la sivyo ufunguo anapewa Kibaba, nami nitatumwa dukani na kikaratasi. Kibaba! Mtu anayenunua vitunguu kimoja kimoja!

Jumatano, 6 Machi

Siki husafisha vioo. Hilo ni jambo la kisayansi. Nimesafisha madirisha yote, birika, na miwani ya Kibaba akiwa ameivaa. Zimekwisha chupa tatu. Nyumba nzima inanuka achari. Kibaba ameuliza, huku anapangusa macho, kama humu tunaishi au tunahifadhiwa.

Sijamjibu. Mwenye ufunguo hajibizani.

Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Nimerudi ghalani. Karani alinionyesha bango: BIDHAA IKIUZWA HAIRUDISHWI. Nikamwomba aangalie vitenzi. “Ikiuzwa”, “hairudishwi”: umoja. Zangu ni chupa mia moja arobaini na moja: wingi. Kwa wingi tungesema “zikiuzwa hazirudishwi”. Kwa hiyo bango halinihusu. Nikaanza kumpitisha kwenye ngeli, moja baada ya nyingine. Nilipofika ya tatu, watu wa foleni walipaza sauti wakimsihi ampe mzee anachotaka, maana wengine wana watoto wa kulea. Karani akakubali: lori litaichukua siki, nami nichague bidhaa nyingine.

Nimechagua vijiti vya meno. Havivuji, havinuki, wala haviozi. Akaandika: “Vijiti vya meno, ishirini.” Nikacheka. Vijiti vinahesabika, sikatai, lakini ishirini ni mlo mmoja wa Kibaba! Kipimo, kijana, kipimo! Akaniuliza mara mbili, polepole, kama nina hakika. Nikamwambia aandike kile kinachotumika hapa.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi siki iliondoka. Mke wangu aliifikia cherehani yake, akaipangusa vumbi, akaniita Mwalimu wangu. Niliugusa ufunguo shingoni. Hiyo ilikuwa kabla lori halijarudi.

Katoni ishirini za vijiti. Cherehani haionekani tena. Mke wangu alinyoosha mkono tu. Uzi ulinikwaruza sikio ukitoka.

Naandika haya nikiwa jikoni. Sijutii! Hakuna aliyenionyesha kosa hata moja katika hati zote mbili. Ulimwengu ndio haukusoma.

Kibaba amekuja sasa hivi, ufunguo ukining'inia kifuani mwake, akanipa kikaratasi. Kimeandikwa: “Shemeji, lete sukari moja.”

Moja nini?

Nimechukua kalamu nyekundu, nikaandika kipimo. Sasa natafuta viatu vyangu vya ghalani.