Mwenye Nyumba wa Maili Elfu Mbili

Jumamosi, 3 Januari

Leo nimetimiza miezi mitatu nikiwa mwenye nyumba. Nyumba yenyewe sijaiona. Iko Toledo, Ohio, maili elfu mbili na ushee kutoka kiti hiki. Mimi niko Hayward, California, juu ya duka la kufulia nguo, vyumba viwili vya kupanga. Huku kwetu mtu wa mshahara wangu (kaunti, dirisha la leseni za mbwa, mwaka wa ishirini na sita) hawezi kununua hata banda la gari. Basi watu kama mimi hununua mbali. Unatazama picha kumi na nne, unatia saini, unapewa ufunguo wa mlango usioujua.

Asubuhi nilikwenda kwenye kikao cha klabu yetu, pale mkahawa wa pankeki. Wote tuna nyumba majimbo mengine. Mwenyekiti ni Wendell, kaka wa mke wangu. Ana nyumba nne Indiana na huzitaja kama mzazi anavyotaja watoto waliofaulu mtihani. Akaniuliza mbele ya watu: shemeji, kale kajumba kako kanaendeleaje? Nikasema kanaendelea. Akatangaza kuwa mwenye nyumba wa kweli ni yule anayejua kila senti inatorokea wapi. Watu wakaandika. Nami nikaandika, juu ya karatasi ya kufutia mikono.

Corinne, mke wangu, hakuvutiwa. Anajua kitu kimoja tu kuhusu biashara hii: akiba yetu ya miaka kumi na minane imo ndani ya kuta zile. Tulikubaliana tangu mwanzo. Mpangaji akihama, tunauza kwa bei yoyote. Si kwa ubaya. Nyumba tupu inakula, na sisi hatuna cha kuilisha.

Mpangaji hana dalili ya kuhama. Ni Bi Lorraine Pruitt, miaka sabini na minne, dereva mstaafu wa basi la shule. Yumo humo miaka kumi na tisa. Wenye nyumba wanne wamempitia. Mimi ni wa tano.

Jumatatu, 5 Januari

Bili ya maji kutoka Toledo. Kule anayelipa maji ni mwenye nyumba. Imepanda maradufu.

Nikampigia Bi Pruitt kwa upole. Nikamuuliza kama kuna bomba bovu. Akasema hakuna. Akakiri, tena bila aibu, kwamba usiku anaacha bomba la jikoni na la bafu la juu yakitiririka, uzi mwembamba, mpaka asubuhi. Na milango ya kabati la chini ya sinki anaiacha wazi. Nikauliza kwa nini. Akajibu: "Baridi, mwanangu."

Mimi ni mtoto wa ukame. Nimekua nikiambiwa kwamba tone ni uhai. Mpaka leo naoga na ndoo miguuni, ili yale maji ya mwanzo, kabla hayajapata moto, yasipotee bure. Ndoo hiyo inanywesha mlimau wetu wa kibarazani. Niliwahi kumripoti jirani kwa kuosha gari. Sasa nagundua kwamba ninamiliki bomba linalomwaga maji usiku kucha, kwa sababu ya baridi. Maji na baridi wapi na wapi.

Nadhani ni umri. Lazima nimsaidie.

Jumatano, 7 Januari

Nimeandika barua rasmi. Ukurasa mmoja na nusu. Nimemkumbusha Bi Pruitt kwamba maji ni ya vizazi vijavyo. Nimemwagiza afunge mabomba yote usiku, ayakaze kabisa. Nimeambatanisha kijitabu cha ofisi ya maji ya huku kwetu, chenye picha ya samaki anayelia.

Corinne akaisoma amesimama. Akauliza kama nimemuuliza yule mama sababu. Nikasema nimemuuliza, amesema baridi. Corinne akasema basi huenda ni baridi.

Mwanamke mwema. Jicho la biashara hana.

Nimeituma kwa njia ya haraka.

Jumapili, 11 Januari

Bi Pruitt amepiga mwenyewe. Barua imefika. Nanukuu maneno yake kwa sababu yalikuwa ya heshima sana: "Bwana Furtado, nitafunga. Nyumba ni yako. Ila nakwambia mapema, baridi yenyewe inakuja wiki hii. Bomba la bafu limepita ukuta wa nje, upande wa kaskazini. Nikifunga, nimefunga kwa amri yako."

Nikamshukuru kwa ushirikiano. Akaniuliza kama nimewahi kuishi kwenye theluji. Nikasema niliwahi kwenda milimani wikiendi moja, ilikuwa nzuri sana. Kisha akasema Mungu anibariki.

Nikamweleza Wendell nilivyolimaliza jambo. Akasema safi, shemeji, unaanza kukomaa. Ni mara ya kwanza Wendell kunisifu tangu harusi, na harusini alisifu viatu.

Alhamisi, 15 Januari

Bomba limepasuka.

Simu ilinikuta dirishani, mbele yangu kuna bwana mmoja na mbwa wake mkubwa. Bi Pruitt alizungumza kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Usiku wa Jumanne bomba la bafu liliganda. Jana mchana liliachia. Maji yakashuka ndani ya ukuta, dari la jikoni likalowa, likaning'inia, kisha likalala juu ya meza yake ya chakula. Alishuka mwenyewe kwenye chumba cha chini ya nyumba kufunga maji. Miaka sabini na minne. Ngazi kumi na mbili, alinihesabia.

Nikamwambia pole. Akasema: "Nilifunga kama ulivyosema." Afadhali angenitukana. Tusi unaweza kulibishia.

Sasa yuko kwa dada yake, mitaa miwili kutoka pale. Dada ana chumba cha ziada, kina zulia. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema bado anafikiria kama atarudi.

Yule bwana mwenye mbwa akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa nimempa leseni ya paka. Kaunti yetu haina leseni za paka. Niliiandika kwa mkono.

Nyumbani nilimwambia Corinne kwamba bomba limepata changamoto. Akasema changamoto gani. Nikamwambia yote, pamoja na samaki. Hakupandisha sauti. Akafungua kompyuta, akanikatia tiketi ya ndege ya kesho. "Nenda kaone ulichonunua," akasema. "Na huyo mama akisema harudi, upite kwa dalali kabla hujapanda ndege ya kurudi."

Jumamosi, 17 Januari

Toledo. Nimeiona.

Ni nyembamba kuliko kwenye picha, na ndefu zaidi, kama mtu aliyevuta pumzi ili apigwe picha. Mbao nyeupe, kibaraza cha mbele, theluji mpaka ngazi ya pili. Nilivua glovu nikaweka kiganja ukutani. Sijui nilitarajia nini. Miezi mitatu natamka neno "nyumba yangu" mkahawani, na kumbe sijui hata mlango unafungukia upande gani. Unafungukia nje.

Bi Pruitt alikuwa barazani na fagio, mwanamke mfupi aliyevaa kofia ya kiume yenye masikio. Alitazama koti langu la California. Hakusalimia kwanza. Aliingia ndani akatoka na koti la marehemu mumewe, akanivisha kama anayevisha mtoto wa chekechea, akafunga zipu mpaka kidevuni. Ndipo akasema karibu.

Akanipeleka jikoni. Juu ya meza yake bado kuna vipande vya dari. Akanionyesha bomba lilipopita na lilipofunguka, mpasuko mrefu kama kidole. Akanieleza taratibu. Maji yanayotembea hayagandi upesi. Yakisimama yanalala, yakilala yanaganda, yakiganda yanatanuka, na chuma hakina pa kwenda. Ule uzi wa maji ndio unaoliachia bomba lipumue. Kabati linaachwa wazi ili joto la jikoni liingie. Kila mtu wa mtaa ule anafanya hivyo, tangu mabomba yalipofika.

Nikasema sikujua.

"Nilijua hujui," akasema. "Samaki wako nimembandika kwenye friji. Anatia huruma kweli."

Fundi bomba, Duane, mtu mnene wa maneno machache, alitoa kichwa chini ya sinki akauliza kama mimi ndiye wa ile barua. Kumbe mtaa mzima umeisoma.

Baadaye nilishuka zile ngazi kumi na mbili. Kuna tanuri la kupashia nyumba joto, zee, linanguruma. Ukutani kando yake, kwa penseli, safu ya tarehe. Kila mara alipobadilisha kichujio cha tanuri, aliandika. Miaka kumi na tisa ya penseli. Chini kabisa, Oktoba mwaka jana, wiki ile niliyotia saini, ameandika tarehe na maneno mawili: mmiliki mpya.

Nilisimama pale nikiwaza. Hati ya nyumba ninayo mimi, kwenye bahasha, Hayward, chini ya soksi. Nyumba alikuwa nayo yeye. Waliouziana hapo katikati, nami nikiwa mmoja wao, tuliuziana karatasi tu, na kila mmoja akaamini amepata mali, huku mama mmoja akishuka ngazi na kichujio mkononi ili karatasi ile iendelee kuwa na thamani.

Ni wazo kubwa. Nitalitumia mahali.

Jumapili, 18 Januari

Siku nzima nimebeba vipande vya dari. Mgongo umegoma. Duane amesema nabeba kama mtu anayebembeleza mtoto.

Saa nane mchana nilikwenda kwa dada yake Bi Pruitt. Tukala supu ya maharage na mkate wa mahindi. Kile chumba cha ziada nilikiona mlango ukiwa wazi. Zulia lipo. Dirisha linatazama jua. Nikajua nimeshindwa, lakini nikasema nilichokuja kusema. Nikamwambia kwamba asiporudi, nyumba itauzwa bila dari, na akiba yetu itakwenda na vumbi lake. Nikamwambia kwamba kosa si lake hata chembe. Nikamwambia pia kwamba asirudi kwa kunihurumia.

Dada yake akasema mwanamume huyu anajua kuomba, Lorraine, angalia asikuuzie na gari.

Bi Pruitt alimaliza supu kwanza. Kisha akasema hajawahi kupenda mazulia. Atarudi Jumatano, dari likikauka. Sharti ni moja.

"Usiguse kitu," akasema. "Ukiona kitu hukielewi, uliza. Ukiona unakielewa, uliza vilevile. Ukigusa tena, mimi nakuja kwenye zulia hili na sirudi. Umenisikia, mwanangu?"

Nikasema nimesikia. Tukapeana mikono. Kiganja chake kigumu kama usukani.

Sikupita kwa dalali.

Ijumaa, 23 Januari

Hayward. Mambo yamekaa vizuri kuliko nilivyostahili, nasema hivyo bila unafiki.

Bi Pruitt amerudi nyumbani juzi. Corinne amekubali tusiuze. Aliniambia nimebadilika, sauti imeshuka. Na Wendell, aliposikia kwamba nimemrudisha mpangaji aliyekwisha kuondoka, jambo ambalo yeye hajawahi kufanya Indiana nzima, ameniomba nihutubie klabu kesho. Dakika ishirini, kabla ya pankeki. Nimeipa hotuba jina: Kuishi Vema na Mpangaji Aliye Mbali. Lile wazo la karatasi na penseli nitaliweka katikati.

Kitu kimoja sijakiandika. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, nilipita kuiaga nyumba. Bi Pruitt hakuwa amerudi bado. Nikashuka chini. Pembeni, kwenye sakafu, kuna shimo lenye mfuniko, na ndani yake kimashine kinachofyonza maji yanayopenya shimoni kutoka ardhini na kuyatupa nje. Kila baada ya muda kinaamka, kinakoroma, kinalala. Nikatafakari. Nje ardhi imeganda kama jiwe, maji ya kuingia shimoni yatoke wapi? Na umeme, tofauti na maji, analipa yeye, mjane wa pensheni. Nikachomoa plagi. Nikakunja waya vizuri, nikauning'iniza kwenye msumari.

Niliwaza kuhusu sharti. Nikaona kuchomoa si kugusa. Kugusa ni kufungua kitu, kukilegeza, kukibadilisha. Hii ni zawadi. Tena nikaona nisimwambie, aje ashangae mwenyewe bili ikipungua na usingizi ukinoga.

Mungu naye yuko upande wetu. Nimesoma habari za hali ya hewa asubuhi: Toledo kumepambazuka joto, mvua inanyesha tangu jana, theluji yote inayeyuka, mitaro imejaa. Nimefurahi kwa ajili yake. Baridi ile ilikuwa si ya binadamu.

Simu inaita. Ni namba yake, mara ya tatu tangu nianze ukurasa huu. Bila shaka ameusikia ule utulivu. Nitapokea, ngoja kwanza nimalize hoja ya kwanza ya hotuba, isije ikanitoka: jambo kuu ni kumsikiliza mpangaji.