Mafanikio Yasizidi Nusu

Jumatatu, 18 Agosti 2025

Mtathmini anakuja keshokutwa. Balaa! Anaitwa Bi Naznin, mtoto wa mjini hapahapa, na ametumwa na wafadhili kuangalia kama mradi wetu "umebadilisha mfumo". Barua yao nimeisoma mpaka imechakaa. Hawaulizi ni vijana wangapi wenye ulemavu tumewapatia kazi. Wanauliza kama mahoteli yataendelea kuwaajiri hata sisi tukiondoka. Tukiondoka! Nani kasema tunaondoka?

Mratibu ni mimi. Mratibu, katibu, na mwenye ufunguo wa ofisi. Nimekaa nikafikiri. Mradi ukionekana umeshindwa, wanafunga. Ukionekana umefanikiwa kabisa, wanafunga vilevile: kazi imekwisha, ahsante, kwaheri. Salama yangu iko katikati. Nusu! Mafanikio ya kutia moyo, lakini yanayohitaji mratibu kwa miaka mitatu zaidi.

Na leo hii simu kutoka kwa Kazim, meneja wa hoteli ya Mbweni. Furaha tele. Alhamisi anampa Kidawa ajira ya kudumu, tena awe mkuu wa mikate na keki. Kidawa ni kiziwi, kijana wetu wa kwanza kuingia pale. Habari njema, sikatai. Lakini mbona Alhamisi? Mbona siku moja tu baada ya mtathmini kufika? Kuna mtu anataka kunimaliza.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda Mbweni kumwomba Kazim aahirishe. Nimemwambia mambo haya hayataki pupa, binti bado anahitaji uangalizi wa karibu. Kazim akashangaa. Akasema Kidawa ndiye anayewaangalia wenzake, na mama yake huko Makunduchi ameshaambiwa. Nikakaza uso. Nikamkumbusha kwamba mtaalamu ni mimi. Mwisho akakubali, ingawa shingo upande: mkataba utasubiri kauli ya mtathmini. Ushindi!

Lakini jikoni nimeona jambo. Mikono. Kila mtu anachezesha mikono. Kidawa sawa, ndiyo lugha yake. Lakini muosha vyombo? Na mtunza bustani, yuko ng'ambo ya bwawa la kuogelea, anamjibu mpishi aliyesimama dirishani? Jecha, mhudumu wa mezani ambaye sijapata kumpenda, alinitazama, akachora duara kubwa mbele ya tumbo lake, na jiko zima likacheka. Nina tumbo, najua. Ila ile haikuwa habari ya tumbo peke yake. Ile ni njama.

Jumatano, 20 Agosti

Bi Naznin amefika. Simwelewi kabisa. Nimemwekea soda, amekataa. Nimemwekea sambusa, amesema ameshakula. Mgeni wa wafadhili anayekataa sambusa ana lake jambo. Nikamletea albamu ya picha: mimi nakabidhi kiti cha magurudumu, mimi nimekikalia kuonyesha kinavyokwenda. Akasema ataitazama baadaye. Hakuitazama.

Aliuliza swali moja tu, kwa upole. Upole ule siuamini. Nikiumwa mwezi mzima, nani ataifanya kazi yangu? Nikajibu kwa fahari: hakuna! Kila kitu kitasimama. Akaandika, akatabasamu. Nadhani hapo nimepata maksi. Au nimekosa. Sijui.

Kisha akataka mkalimani wa kesho, wa kuzungumza na Kidawa. Nikamwambia asisumbuke, nitafasiri mwenyewe. Nimekaa na viziwi miaka minne. Lugha yao sijajifunza, kazi zilinizidi, lakini Bi Naznin naye haijui. Nimemchunguza kwa ujanja. Basi nani atanishika? Nimempigia simu mkalimani wetu wa siku zote nikamwambia mazungumzo yameahirishwa.

Alhamisi, 21 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Tulikaa ukumbi wa chakula, mlango wa jikoni uko wazi. Laiti ningeufunga! Bi Naznin akataka kujua Kidawa anaionaje kazi yake. Nikazungusha mikono. Nikagusa kidevu, nikapepea, nikaonyesha dari. Kidawa akanikodolea macho, akamtazama mgeni, kisha akajibu kirefu, mikono inakwenda mbio. Nikafasiri kwa sauti ya huzuni kidogo: anaushukuru sana mradi, hususan mratibu, lakini jiko kubwa bado linamtisha, na anaomba miaka mitatu mingine ya uangalizi.

Nyuma yangu sinia likaanguka. Jecha!

"Muongo mkubwa we!" alipiga ukelele, mbele ya mgeni. "Hakusema hivyo hata kidogo. Bi Naznin, muulize yeyote humu."

Na hao yeyote wakatokea. Mpishi, muosha vyombo, mtunza bustani na ndoo yake, na nyuma yao Kazim, kelele zimemtoa ofisini. Wote wakasema neno moja. Kidawa kasema kazi anaiweza na wafanyakazi wapya wa jikoni huwafundisha yeye. Mkataba aliahidiwa leo, mama yake yuko njiani kutoka Makunduchi kuja kufurahi naye, na anataka kujua nani aliyesema hayuko tayari. Tena kauliza mratibu ana nini, mbona anafukuza nzi?

Nilitarajia Bi Naznin anigeukie mimi. Hakunigeukia. Alitaka kujua wamejifunza wapi lugha ya alama, na kama mradi ndio uliowafundisha. Nilifungua mdomo. Wote wakanitazama. Nikajifanya napiga mwayo. Jecha akaeleza kwamba aliyewafundisha ni Kidawa, kidogo kidogo. Kwanza kwa sababu ya mashine ya kukandia unga, inanguruma hamsikizani. Halafu kwa sababu ya wageni waliolala kando ya bwawa, hawataki kelele. Halafu, hapo akamwangalia Kazim kwa jicho la pembeni, kwa sababu unaweza kumsema meneja hali amesimama papo hapo.

"Mbona nshaelewa zamani," akasema Kazim, na mikono yake ikaenda pamoja na maneno. Jiko zima likanywea.

Bi Naznin aliandika mpaka kalamu ikamwishia wino, akaazima ya Jecha. Ya Jecha! Nami nilimwona Kidawa machozi yanamlenga. Niliona haya. Kweli niliona haya, masikio yaliniwaka moto. Kisha nikajiuliza mbona machozi hayo yamemsubiri mtathmini afike.

Ijumaa, 22 Agosti

Sikwenda ofisini. Nimeswali msikiti wa mbali, wasiponijua. Hata huko kuna bwana alijikuna sikio akinitazama.

Nyumbani, Michenzani, nilikuwa sijamwambia mke wangu neno. Nimeingia tu, Shemsa kaangua kicheko mpaka kakaa chini. "Miaka minne, Ahmada! Hata maji hujui kuomba?" Nikataka kujua nani kamletea habari hizo. Akasema jengo zima linajua. Kwa hivyo jengoni humu kuna mtu wao. Namshuku jirani wa chini, mama wa mapazia ya kijani, anachungulia sana.

Jioni nimepata wazo zuri. Nimemwandikia Bi Naznin ujumbe kwamba jana nilikosea kwa makusudi, nilitaka kuona kama wafanyakazi watagundua. Ulikuwa mtihani wa mfumo! Amejibu upesi: ahsante, mtihani wameufaulu. Nadhani ameamini.

Jumatano, 27 Agosti

Kikao cha kusomewa matokeo, hotelini. Nilivaa koti. Nilikuwa bado na matumaini ya nusu.

Haikuwa nusu. Bi Naznin amesema mabadiliko yameshika mizizi pale ambapo mradi haukupanda kitu. Jiko linajiendesha, meneja anaajiri bila ya kubembelezwa, na hoteli ya jirani imeshaanza kuja kuuliza wao wafanyeje. Tatizo moja tu ameliona: kila jambo kulazimishwa lipite kwa mtu mmoja. Hakunitaja jina. Ukumbi mzima ulijua kutazama wapi. Nafasi ya mratibu inafungwa mwisho wa mwezi, na kazi iliyobaki inakwenda kwa jumuiya ya vijana wenyewe. Watu wakapiga makofi. Wakanipa mkono, hongera mratibu, hongera sana. Nimefukuzwa kazi kwa kupongezwa! Sijapata kusikia.

Kazim akamkabidhi Kidawa mkataba. Mama yake alikuwepo, amevaa kanga mpya, akapiga kigelegele mpaka glasi zikatikisika. Nami nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu, sijui kwa nini.

Nilipokuwa natoroka, Kidawa akanifuata, na Jecha nyuma yake kufasiri. Nikajikaza kwa matusi. Hayakuja. Alisema aliponiona nafukuza nzi alikasirika sana, na bado hajapoa. Lakini hajasahau kwamba siku ya mwanzo, Kazim alipokuwa hataki hata kutuona, niliyesimama naye getini juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri ni mimi. Nikasema sirudi mpaka mtoto huyu ajaribiwe. Ndiyo, nilisema. Mwenyewe nilikuwa nimesahau. Nikajifanya nakohoa.

Akaongeza kwamba Jumamosi wanaanza darasa la lugha ya alama palepale jikoni, bure, kwa atakaye. Wote wawili wakanitazama. Nikasema nitaangalia nafasi.

Jumamosi, 30 Agosti

Sikwenda darasani. Nimelala nikalifikiria, nikaamka nimelielewa. Bure! Nani hufundisha bure? Watanifundisha kombo makusudi, nije nimwombe mtu chumvi kumbe namtukania ukoo. Na zile shukrani pia nimezitafakari. Mtu uliyemharibia hakushukuru hivihivi. Kidawa ana analolitaka kwangu. Sijalijua bado, lakini nitalijua.

Hata hivyo Mungu hamtupi mja wake. Nimeona tangazo: ofisi moja hapa mjini inatafuta mkalimani wa lugha ya alama, mwenye uzoefu wa miaka mitatu na kuendelea. Mimi ninayo minne! Nimepeleka maombi, wameniita kwenye usaili Jumatatu. Mchana kutwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mikono yangu ina kasi nzuri. Shemsa amepita, ameuliza kama nimeingiliwa na nyuki, nami nikaongeza kasi.

Wasiwasi ulibaki mmoja, wa hao watakaonisaili. Nimepiga simu kuuliza ni akina nani. Nimeambiwa wote ni viziwi. Alhamdulillahi! Hata nikikosea, hawatasikia.