Steki ya Mbinguni

Jumatatu, 12 Januari. Louisville.

Nimepita! Asilimia themanini! Mimi Bagula, miaka minne ya kubeba maboksi ghalani, leo ni mtu wa crane. Crane, yaani grue, ile mashine ndefu ya kuinua vyuma juu ya magorofa. Permi, yaani kibali, ninayo mkononi. Imeandikwa CRANE, na chini yake jina langu, bila kosa hata moja. Mara ya kwanza Amerika inaliandika vizuri.

Siri niliipata kwa Darrell, Mzungu wa shifti yetu. Mwezi wa tisa nilimsikia akisema anaomba crane, na kwamba si kila mtu anapata, wanapiga kura. Nikaenda nyumbani nikajaza fomu kimyakimya. Kura ikaniangukia! Mtihani wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo. Picha za ndege tu. Ndege wa kijivu, ndege mweupe, yupi unaruhusiwa kumgusa, yupi ukimgusa unashitakiwa. Bon, ni haki yao. Mtu anayefanya kazi huko juu lazima ajue ndege. Nchi hii inajali mambo.

Nikaweka picha ya permi kwenye status ya WhatsApp. Dakika kumi hazijaisha, nani anapiga? Mzee Ndahiro mwenyewe, wa Buffalo, baba yake Ingabire wangu! Mzee ambaye miezi minane aliniita "yule wa maboksi". Leo kaniita mwanangu. Kasema nije Jumamosi ya tarehe 24 kufanya présentation, nijitambulishe mbele ya familia yote. Baada ya hapo mambo ya ndoa. Nililia. Machozi mawili tu, ya kiume.

Theogene wa Columbus atajua leo. Ana lori, kila mwezi linapitia Buffalo, na kila mwezi Theogene anashuka kumsalimia Mzee na kumchekea Ingabire. Lori! Lori linatambaa chini. Mimi nitakuwa juu.

Jumanne, 13 Januari.

Nimekwisha.

Nilimwonyesha Darrell permi, nikamwuliza crane yangu iko kwenye jengo gani. Hakuelewa. Akaniuliza kama nina bunduki. Na mimi sikuelewa. Kisha akatoa simu akanionyesha picha: ndege wa kijivu, miguu mirefu, shingo ndefu. Korongo! Kumbe kwa Kiingereza korongo naye ni crane. Na kwa Kifaransa vilevile, grue ni mashine na grue ni ndege. Hilo nililijua tangu darasa la nne, na sikufikiri hata sekunde moja. Permi yangu ni ya kuwinda korongo na kumla!

Darrell alicheka mpaka akakaa juu ya boksi. Boksi la vioo. Bosi ametuandikia onyo wote wawili.

Nikaamua kumpigia Mzee nimweleze ukweli. Nikashika simu. Hapohapo ukaingia ujumbe wa sauti wa Ingabire: jana jioni kwenye maombi baba yake alitangaza kwamba mkwe wake mtarajiwa anaendesha crane Louisville, na kanisa zima likapiga makofi.

Nikaiweka simu mfukoni. Watu wameshapiga makofi. Utawaambia nini sasa, wayarudishe?

Jumatano, 14 Januari.

Shida mpya. Mgeni wa présentation anakuja na nyama, na Mzee Ndahiro si mtu wa kuletewa nyama yoyote. Alichunga ng'ombe kwenye milima ya kwao Kivu ya Kusini tangu meno yake ya kwanza. Kuku hali. Samaki hali. Kitu chenye manyoya hakipiti kinywani mwake. Na nyama ya ng'ombe ya dukani anasema ni maji yaliyopakwa rangi. Ingabire kaniambia Theogene amemwahidi Mzee kumtafutia ng'ombe aliyelishwa majani kwa wakulima wa Ohio. Huyo Theogene!

Nikamlalamikia Darrell. Akasema kitu ambacho nimekiandika kwenye mkono ili nisisahau. Wawindaji wa hapa wanamwita korongo steki ya mbinguni. Nyama yake nyekundu. Ladha ya ng'ombe. Ukifumba macho, hujui.

Mzee ana miaka sabini na moja. Haoni vizuri hata akifumbua.

Donc, nimepata permi ya mashine, kumbe ni ya ndege. Sasa nina ndege, kumbe ni ng'ombe. Mungu amepanga hivi. Jumamosi tunawinda.

Jumamosi, 17 Januari.

Tulitoka alfajiri, saa mbili za gari kuelekea kusini, mpaka shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Baridi ya kukata masikio. Darrell akasimamisha korongo wa plastiki kumi na wawili kati ya mabua ili walio hai wadhani kuna karamu. Sisi tukalala chini kama maiti, tumefunikwa majani. Bunduki niliazimwa na Darrell. Aliniazima pia maneno mengi kuhusu wapi nisiielekeze.

Wakaja. Jamani! Sauti zao ni kama mlango wa chuma uliokosa mafuta, unafunguliwa mara mia. Mabawa futi saba, ya mtihani hayakuwa uongo. Wawili wakatua mbali wakaanza kurukaruka, wanainamiana, wanatandaza mabawa, wanacheza kabisa. Nikasahau kazi. Nilikumbuka wasichana wa ukoo wa Ingabire kwenye ile harusi ya Louisville tulikokutana, mikono juu, shingo zimenyooka. Ingabire alikuwa wa tatu kutoka kushoto.

Darrell akanipiga kiwiko. Nikapiga risasi. Nikampata mmoja barabara, kifuani!

Wa plastiki. Wa Darrell. Alikuwa wa babu yake.

Yeye alipata wawili wa kweli. Tulipofika Louisville akanipa nyama ya vifua vyote viwili kwenye mfuko, na akaniomba nisiombe tena kwenda naye. Mtu mkarimu sana.

Jumapili, 18 Januari.

Nimekaanga kipande kimoja, chumvi tu. Ng'ombe! Ng'ombe kabisa! Nikala cha pili kuhakikisha. Baada ya cha sita nikajizuia na kufunga friza.

Ijumaa, 23 Januari. Columbus.

Gari limezima katikati ya Columbus. Kati ya miji yote! Nyama iko kwenye glasiere, barafu inayeyuka, présentation ni kesho. Nilijua mtu mmoja tu katika mji huu. Nilisimama barabarani nusu saa kabla ya kumpigia.

Theogene alikuja na lori, anacheka. Na yeye anakwenda Buffalo, kaalikwa, eti ni kama mtoto wa nyumbani. Gari tukaliacha kwa fundi, akanipakia mimi na glasiere yangu. Saa tano na zaidi nimekaa kando ya adui, nakula karanga zake.

Yeye anapeleka vyuma kwenye majengo, anazijua crane. Akaanza maswali. Yangu ina mkono wa urefu gani? Nikasema futi saba. Akasema mfupi sana. Nikasema kila upande. Inainua tani ngapi? Nikasema inategemea imekula nini. Akaniangalia mpaka lori likagusa mstari wa njano. Nikaeleza kwamba ni lugha ya sisi mafundi, maana yake mafuta. Akauliza wakati wa baridi inafanyaje kazi. Hilo nalijua! Nikamwambia wakati wa baridi zinahamia kusini kwa makundi.

Akazima redio na hakuuliza tena. Nadhani nimemnyamazisha.

Jumamosi, 24 Januari. Buffalo.

Asubuhi nilikwenda Grant Street kununua ndizi na unga wa fufu. Theluji imefika magotini. Watu watatu nisiowajua wameniita ingénieur. Mwenye duka kaniongezea ndizi mbili na kuniuliza kama naweza kumwangalizia paa lake. Nilitoka pale natembea kama waziri.

Saa nane, nyumbani kwao Riverside. Suti, tai, glasiere. Mama Mariya, mama yake Ingabire, akaipokea nyama akainusa akasema hii ndiyo nyama. Nikamsaidia kuimimina sufuriani, mfuko nikautupa haraka kwenye pipa la jikoni. Ingabire kavaa mshanana, lile vazi la sherehe la kwao, sikuweza kumtazama moja kwa moja. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tai yangu imepinda, akainyoosha mwenyewe. Nilitaka siku isimame hapo.

Tukala. Mzee Ndahiro akaonja. Akafumba macho. Mwenyewe, bila kuambiwa! Akasema tangu atoke milimani hajala nyama kama hii, huyu ng'ombe alipendwa na mtu. Akaomba tena. Akaomba mara ya tatu. Akanishika bega mbele ya wajomba wote. Theogene alikuwa anatafuna polepole sana, macho kwenye dirisha.

Ndipo Gaju, mdogo wake Ingabire, akaenda kutupa mifupa ya kuku wa watoto. Akarudi na mfuko. Kumbe Darrell, mtu wa utaratibu, alikuwa ameandika juu yake kwa kalamu nyeusi. Gaju huwa anamjibu baba yake kwa Kiingereza tu. Akasema: "Dad, it says crane."

Mzee akacheka! Akasema mtoto huyu, crane ni chuma, nani anakula chuma. Wajomba wakacheka. Nikacheka kuliko wote, mpaka nikapaliwa. Nimepona!

Theogene hakucheka. Alikuwa na simu yake. Akasema, taratibu, kwamba tangu jana anajiuliza crane gani hiyo inayohamia kusini kwa makundi. Akamwekea Mzee picha mbele ya uso, karibu kabisa.

Mzee akasema neno moja tu: "Umusambi."

Kijiko cha Mama Mariya kikaanguka. Mimi sikuelewa. Mjomba mmoja akanieleza, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Umusambi ni korongo. Na katika ukoo wao korongo haguswi, haliwi, hatupiwi hata jiwe. Ndiye ndege wa ukoo. Ndiye wasichana wao wanayemcheza.

Nikasimama. Mtihani wangu! Asilimia themanini! Nikawaambia wazee, huyu si yule wa kwenu. Wa kwenu ana taji kichwani, huyu hana, ana wekundu tu kwenye paji la uso. Ni ukoo mwingine kabisa, mabara mawili tofauti. Nikaona wajomba wanatazamana. Mzee akafikiri. Akaniuliza jambo moja: je, huyu wa Kentucky anacheza?

Nikamwambia anacheza vizuri sana, nilimwona kwa macho yangu.

Ukweli mmoja niliosema wiki mbili nzima, na ndio ulionimaliza. Mzee akatoka nje kwenye theluji bila koti.

Jumapili, 25 Januari.

Ingabire hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Amesema hana hasira ya ndege. Amesema miezi minane alipigana na baba yake kwa ajili ya yule wa maboksi, na Mzee alikuwa ameshakubali Jumapili, siku moja kabla ya permi yangu. Simu ile angenipigia tu! Status aliiona wakati anatafuta namba yangu. Amesema yeye anawaogesha wazee wa watu kutwa nzima, hahitaji mtu wa juu, anahitaji mtu wa kweli. Analia na kuvaa buti za kazi wakati mmoja. Moyo wangu uliuma kweli. Nikamwambia tangu leo mimi ni mtu mpya.

Mzee katoa hukumu. Kwanza, nisimame kanisani niseme ukweli wote. Nimesimama. Nimesema. Wamepiga makofi! Kanisa lile linapigia makofi kila kitu. Pili, yeye atawauliza wazee wenzake mtu aliyekula ndege wa ukoo wake anasafishwaje. Tatu, hakuna présentation nyingine mpaka nilete ng'ombe. Si nyama. Ng'ombe, mwenye pembe, Mzee aziguse pembe kwa mkono wake. Mwisho ni Pasaka. La sivyo Theogene ana lori na ng'ombe wa Ohio.

Nimerudi kwa basi. Glasiere nimeisahau kwao, nitapata sababu ya kurudi.

Jumatano, 28 Januari. Louisville.

Mtu mpya, siku ya tatu. Nimewauliza wakulima wawili kuhusu ng'ombe. Wote wanataka kujua nitamfunga wapi. Ninakaa ghorofa ya pili.

Leo mchana Darrell amenisemesha tena, namshukuru Mungu. Kumbe Kentucky ina mnyama wa porini anayeitwa elk, kama swala lakini mkubwa kama ng'ombe! Anaishi milimani, upande wa mashariki. Nimetazama picha saa nzima. Miguu minne, yupo. Kwato, zipo. Anakula majani, anacheua. Na pembe! Pembe ambazo Ohio nzima haina! Mzee azishike mpaka achoke. Wanapiga kura, na fomu ziko wazi sasa hivi. Nimejaza. Matokeo ni mwezi wa tano, baada ya Pasaka kidogo, lakini Mzee alichunga maisha yake yote, ni mtu wa subira.

Ingabire kapiga saa kumi na moja. Sauti yake ilikuwa imelainika. Akauliza kama kweli natafuta ng'ombe, ng'ombe wa kweli. Nikamwambia fomu nimeshajaza. Akauliza tangu lini ng'ombe anajaziwa fomu. Nikamwambia network ni mbaya.

Nitaweka status kura ikiniangukia. Safari hii siwezi kukosea. Nimekaa nimefikiri sana juu ya yote yaliyotokea, na kosa langu nimeliona, lilikuwa moja tu. Korongo hana pembe.