Wino Usiojua Ndimu

Jumatatu, 4 Machi
Habari njema! Kwenye darasa letu la rangi, Jumamosi mwalimu atachagua ukurasa mmoja kutoka kwenye madaftari yetu ya sanaa, autundike ukumbini. Ndani ya fremu! Miaka yote mimi dobi natundika nguo za watu. Safari hii na mimi nitundikwe. Shida ni wifi yangu, dada wa mume wangu, naye yumo darasani. Hajakosea kitu tangu azaliwe. Nimemwombea heri. Kwa sauti ya chini.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua wino wa akriliki, bluu na dhahabu. Mwalimu alishatuonya: ukikauka hautoki tena, kwa hiyo taratibu. Ndiyo maana tunamwita Mwalimu Taratibu. Nikacheka moyoni. Ndimu na chumvi zimenitolea kutu, damu, hata lami. Wino ni nini? Nikachora jua la dhahabu. Likatoka kama kiazi. Nikaliacha likauke, nikalisugua kwa ndimu. Jua halikutikisika. Karatasi ndiyo iliyotoboka.

Jumatano, 6 Machi
Kukata tamaa ni dhambi. Ukurasa mpya! Nimedondosha bluu, nikaipuliza kwa mrija. Lo! Matawi, mito, mishipa ya majani! Kwa mshangao nikavuta pumzi, mrija ungali mdomoni. Mume wangu aliporudi akauliza nimembusu nani, kalamu? Ibadani jioni niliimba nimefumba mdomo. Wifi akaninong'oneza kwamba leo sauti yangu imetulia, nizidi hivyohivyo. Yule mwanamke!

Ijumaa, 8 Machi
Nimeongeza dhahabu juu ya bluu. Nimelia kidogo, sifichi. Mikono hii haijawahi kutoa kitu kizuri hivi. Lakini wino nimeumwaga mwingi, haukauki, na kesho ndiyo kesho. Sasa dobi ana nini ambacho wengine hawana? Pasi! Nikafunga daftari, nikalipiga pasi juu ya jalada kama kola ya bwana harusi. Harufu ya plastiki. Nikajaribu kulifungua. Halikufunguka. Kurasa zimeshikana kama ndugu wa tumbo moja. Ee Mola.

Jumamosi, 9 Machi
Kachaguliwa wifi. Majani ya kijani, safi, hakuna hata tone lililovuka mstari. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mwalimu akajaribu kulibandua daftari langu kwa kisu, taratibu. Kikatoka kipande cha kutosha kiganjani, bluu na dhahabu. Akakitazama muda mrefu. Akasema hajaona rangi zikiingiana hivyo, na mwezi ujao fremu ile itakuwa wazi, mradi nijifunze subira. Wifi, tena bila kejeli, akakiomba akakibandike sebuleni kwake. Nikamnyima. Tukafika mlangoni, nikampa.

Jumapili, 10 Machi
Nimetoka ibadani na moyo mweupe. Nimesamehe wote, wino pamoja nao. Neno la mwalimu nimelitafakari na nimelielewa sawasawa: subira. Kosa halikuwa pasi, jamani. Kosa ni kwamba niliiondoa mapema! Kesho naanza ukurasa mpya. Nitaiwasha pasi kwa moto ule mkali wa jinzi, niilaze juu ya daftari, nikapige magoti nisali mpaka wino ukauke. Nami nikianza kusali, huwa siharakishi.