Jogoo wa Mnada Mbele ya Mtu wa Kodi

Leo nimejianika, na hakuna mtu alinisukuma. Nimejianika mwenyewe, nikiwa nimesimama wima, mbele ya walimu wote wa chuo, mbele ya mkuu wa chuo, na mbele ya kijana wa kodi aliyetoka Nairobi na tai yake nyekundu. Nimekimbilia saiba hapa mjini, kwenye kompyuta za kukodi, kuwaandikia ninyi ndugu zangu mlioko mbali kabla hamjasikia kutoka kwa mwalimu mwenzangu Mutua. Maana Mutua atasema tu, na akisema atatia na yake.

Wacha nianzie mwanzo.

Mnajua mimi nafundisha uashi. Maisha yangu ni mchanga, saruji na vijana ambao ukiwapa pima-maji wanaiangalia tu. Mambo ya kodi hayajawahi kunihusu. Inakatwa kabla sijauona mshahara, na tumeshazoeana hivyo. Lakini tangu chuo kianzishe Wakfu, ule mfuko wa kulipia karo wanafunzi ambao kwao hali ni ngumu, nimekuwa bingwa wa maswali ya kodi. Kwa nini? Kwa sababu anayeyajibu ni Bi Zainabu.

Bi Zainabu ndiye mhasibu wetu. Alizaliwa hapa hapa Machakos, kwa zile familia za Waislamu wa mjini, lakini mamake ni mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake, ndugu zangu, alikitoa kwa mamake. Sisi wengine tunaongea Kiswahili kama tunashusha mawe kwa lori. Yeye akikuambia, "Mchango wako utaondolewa kwenye mapato yako kwanza, kisha ndipo kodi ikadiriwe," unatamani kusema amina. Mumewe alifariki zamani. Mimi sijawahi kuoa. (Msianze.)

Basi ikawa kila nikipata nafasi, mguu unanipeleka ofisini kwake.

"Bi Zainabu, na nikitoa saruji badala ya pesa?"

"La, Mwalimu Kimeu. Sheria yataka pesa taslimu."

"Na zikikatwa kwa mshahara?"

"Hapo sawa, maadamu nitakuandikia stakabadhi."

Ningeuliza mpaka jioni. Nilitoa mchango mwezi wa kwanza, nikatoa wa pili, nikatoa tena, na watu wakaanza kusema Kimeu ana roho safi. Roho safi wapi! Ilikuwa ni ile risiti. Anaandika jina langu polepole, na mimi nimesimama pale nikinusa udi wa nguo zake, sina haraka na dunia. (Nyumbani nimeziweka zote ndani ya Biblia. Mungu ananielewa.)

Sasa mwezi huu habari zikatoka: Bi Zainabu anaacha kazi. Mamake amezeeka, yuko peke yake Mombasa, na yeye ndiye mtoto wa pekee wa kike. Jumamosi hii anapanda basi. Siku niliyosikia hiyo habari sikula. Nilikaa karakana juu ya mfuko wa saruji, nikajiambia: Kimeu, umemaliza mwaka mzima unamuuliza huyu mama habari ya kodi, na hujamwambia neno moja la maana. Nikaapa kwamba lazima ajue kabla ya kuondoka. Dini ni mbili, najua. Umri pia umeenda. Sikuwa na mpango wa posa. Nilitaka tu ajue kwamba kuna mtu Machakos ambaye atakuwa anapita karibu na ofisi yake na kuuma midomo.

Hapo ndipo jogoo anaingia.

Muhula uliopita tulikuwa na siku ya kuchangia Wakfu. Mzee mmoja wa Kalama, mzazi wa mwanafunzi wetu, hakuwa na pesa, akaleta jogoo mwekundu, mkubwa, mwenye kiburi. Na mnajua mambo ya mnada wetu. Jogoo hanunuliwi aliwe. Jogoo ananunuliwa ili ukishinda, msema-chochote, yaani MC, akuulize mbele ya umati, "Unampa nani?" Unataja mtu, watu wanapiga vigelegele, na kama kulikuwa na jambo, hapo linaeleweka. Kuna ndoa hapa mjini zilianzia kwa bata.

Nikaingia mnadani. Mutua, anayefundisha biashara na ambaye mdomo wake haujui likizo, akawa anapandisha bei. Nikapandisha. Akapandisha. Nikataja bei ambayo hata jogoo aligeuka kuniangalia. Nikashinda.

"Mwalimu Kimeu! Jogoo unampa nani?"

Niliona Bi Zainabu pale mbele, na buibui lake jeusi na kalamu mkononi. Ameinua uso. Na mimi, mwanaume mzima wa Muthetheni, nikaangalia miguu ya jogoo.

"Nitaenda naye nyumbani," nikasema.

"Aaaaai!" Ukumbi mzima. (Bachela na jogoo wake. Walinicheka mpaka likizo.)

Jioni nikampa askari wa geti kazi. Nikamwambia ampeleke huyo jogoo kwa Bi Zainabu, na ampeleke akiwa hai, maana najua kwao wanachinja wenyewe kwa taratibu zao. Hilo nilikuwa nimeliwaza vizuri. Askari akaniuliza, "Na akiuliza katoka kwa nani?"

"Mwambie ametoka chuoni." (Shujaa mimi.)

Sasa Mutua alikuwa amemwona askari njiani na jogoo kwapani. Kesho yake tukiwa tunakunywa chai, huyo akamuuliza Bi Zainabu kwa sauti, "Jogoo alifika salama?" Bi Zainabu akatabasamu. "Kumbe ni wewe, Mwalimu Mutua? Ahsante sana." Mutua akaniangalia. Nikamwangalia. Akameza mate, akasema, "Usijali, mama."

Usijali!

Tangu siku hiyo, kila saa ya chai, Mutua analetewa mahamri. Yenye iliki! Yamefunikwa kwa kitambaa cheupe! Na mimi niko meza ya pili na kipande changu cha mhogo, nikiangalia jogoo wangu akiliwa kwa njia ya unga. Ningesema? Ningesemaje? Mtu anaanzaje kudai shukrani?

Basi tufike leo.

Mkuu wa chuo alikuwa amealika huyo kijana wa kodi atufundishe jinsi mchango wa Wakfu unavyopunguza kodi ya mfanyakazi. Bi Zainabu, aliyetambulishwa kwa mgeni kama "mhasibu wetu" tu, ameketi kando yake, kazi yake ya mwisho kabla ya kukabidhi ofisi. Na mimi nilikuwa na mpango. Nitauliza swali moja la akili, yeye anijibu kwa ile sauti, halafu mkutano ukiisha nimsindikize mpaka getini na nimwambie kila kitu. Nilikuwa nimenyoa. Shati nilikuwa nimepiga pasi mbele na nyuma, na kawaida yangu ni mbele tu.

Nikainua mkono. "Kuna pesa ambazo mtu alinunulia kitu kwa mnada wa Wakfu. Hizo pia zinapunguza kodi?"

Bi Zainabu akafungua mdomo kunijibu. Kijana wa kodi akamtangulia!

"Swali zuri, Mwalimu. Mchango ni pale ambapo mtoaji hapati kitu. Wewe ulinunua nini?"

"Jogoo."

Vicheko huku na huku.

"Basi ulipata jogoo. Huo si mchango, ni ununuzi."

Hapo ningekaa. Ningekaa tu, leo ningekuwa nyumbani nakula isyo yangu, mahindi na maharagwe, bila neno. Lakini Mutua, kutoka nyuma, akapaza sauti: "Na alikula peke yake!"

Jamani. Damu ilinipanda mpaka masikio yakalia. Mtu ambaye tumbo lake limejaa mahamri yangu ananiambia mimi nilikula?

"Sikumla!" nikasema. "Nilimpa mtu!"

Kijana wa kodi akaona hapo kuna jambo la kisheria, macho yakamng'aa. "Sawa, lakini hata ukimpa mtu mwingine, sheria inaangalia kama faida imeenda kwa mtu wako. Mke, ndugu, jamaa. Ulimpa nani?"

"Si mtu wangu."

"Ni nani, Mwalimu? Tuelewane, ili wengine nao wajifunze."

Mkuu wa chuo akaangalia dirishani, ambako wapishi walikuwa wameshaanza kupakua. "Mwalimu Kimeu, hebu mjibu mgeni. Chakula kinapoa."

"Ni Bi Zainabu," nikasema.

Mutua akaanza kuhesabu mbao za dari. Na yule kijana, ambaye masikini hakujua amekanyaga wapi, akaandika kitu, akauliza bila hata kuinua kichwa:

"Na huyo Bi Zainabu ni nani wako?"

Hapa ndipo akili ya mtu inatakiwa kumsaidia. Yangu ilikuwa imeshatoka nje.

"Si wangu," nikasema. "Ningependa sana awe. Lakini si wangu."

Woi, mwaitu, mama yangu! Ukumbi ulipasuka. Walimu wazima waligonga meza. Mwalimu wa upishi akapiga kigelegele, kile kile nilichokikosa siku ya mnada. Mtu mmoja alicheka mpaka akatolewa nje apewe maji. Na yule kijana, uso mkavu, akamgeukia mwanamke aliyekaa kando yake na kumuuliza: "Kwa hivyo hakuna uhusiano wowote?"

Ndipo alipogundua kwamba anamuuliza mwenyewe. Akawa mwekundu kuliko tai yake.

Bi Zainabu akavuta mtandio wake. Hakuniangalia. Akasema kwa ile sauti, polepole, "Mpaka asubuhi ya leo, hapana mtu aliyeniambia kitu."

Wakacheka tena. Mimi sikusikia kicheko hicho. Nilisikia yeye tu.

(Na jibu la kodi, kwa wale mnataka kujua: haipunguzi. Kununua ni kununua, hata ukinunua kwa moyo wote.)

Chakula sikula. Nilijificha karakana, nikajifanya napanga miiko ya kupigia plasta. Nikasikia viatu mlangoni. Hajawahi kuja huko hata siku moja. Akasimama mbali na vumbi.

"Mwalimu Kimeu. Yule jogoo nilimpa jirani."

"Kwa nini?"

"Nalidhani katoka kwa Mutua." Akatazama ukuta ambao wanafunzi wangu waliujenga jana, ukuta wa aibu, umeinama. "Na yale mahamri nalimpa ili nisibaki na fadhila zake. Sikutaka fadhila zake."

Nikataka kusema kitu. Wallahi nilitaka. Nikasema, "Pole." (Mwaka mzima wa kungoja, na nikapata neno pole!)

"Yale maswali yako ya kodi," akasema. "Mengine majibu yake wayajua."

"Nayajua."

"Nami nalijua wayajua. Nikawa nakujibu tu." Akakung'uta vumbi kwenye buibui. "Lau ungesema siku ile ya mnada..." Hakumaliza. Akasema mamake anamngoja, na kwamba mizigo bado hajaifunga. Akaniambia nibaki salama, akaenda zake, na nikabaki nikiangalia pale aliposimama.

Sasa niko hapa saiba. Bado yuko mjini, naweza kutembea mpaka kwao kwa miguu, na tayari nina hamu naye kama mtu aliyeondoka zamani. Ofisi yake nitaipitaje Jumatatu? Atakuja mhasibu mwingine, atanijibu maswali yangu kwa Kiswahili kama changu, na nitajua kila kitu kuhusu kodi na sitakuwa na mtu wa kumuuliza. Alikuwa anajua. Wakati huo wote mimi nauliza, yeye alikuwa anajua, na alikuwa ananijibu.

Haya, chekeni sasa, mnimalize. Lakini wewe ambaye uko Mombasa, ukimaliza kucheka, hebu niulizie kama kuna chuo huko kinatafuta mwalimu wa uashi. Nasikia kuta za huko zinaliwa na chumvi, na mimi kuta nazijua.