Chai, Mageti na Marehemu: Vizuizi Katika Barabara ya Kwenda Rinnaglas

Attracta Gilvarry,
Nyumba ya Bluu, juu ya gati,
Kilbrackan, Mayo.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Parokia,

Salamu kwako na kwa mkeo, ambaye natumaini goti lake limepata nafuu. Mimi ni msomaji wako tangu jarida lilipokuwa karatasi moja iliyokunjwa, na sijawahi kulalamika. Hata pale ulipotangaza kwamba nimefariki, kumbe ni binamu yangu, nilinyamaza, nikapokea rambirambi na keki zilizokuja nazo. Safari hii yamenifika kooni.

Kwanza nieleze. Colman Lavelle, mfugaji wa ng'ambo ya kilima, ananichumbia kwa muda ambao wenzetu wameoana, wamezaa na sasa wanaozesha. Ni mtu mwema, sina neno naye. Kila Jumapili baada ya misa huja kwangu, huketi, husifia mkate, hukohoa kama mtu mwenye jambo, kisha hukumbuka ng'ombe. Nikawaza: mwanamume akiwa juu ya baiskeli hana ng'ombe wa kujificha nyuma yake. Nikakodi baiskeli mbili, nikamwambia tufuate barabara ya pwani siku chache, tukilala katika nyumba za wageni, vyumba tofauti (Padri na ajue hivyo), mpaka kwenye mnara wa taa wa Rinnaglas. Pale nchi inakwisha, na anayetaka kukimbia ajue kuogelea. Colman akatazama viatu vyake weee, halafu akasema, "Basi, Attracta, tukifika mnarani kuna kitu nitakuuliza." Nilipanda baiskeli ile kama msichana wa shule.

Hatukufika. Waliotuzuia ni hawa, na naomba uwachapishe kwa herufi nzito:

1. Wenye birika. Barabara ya pwani ina nyumba, kila nyumba ina dirisha, na kila dirisha lina mtu ndani yake. Kwa Bina Padden, ambapo hata jasho lilikuwa halijatutoka, mwenyewe alikuwa barabarani tayari, aproni kiunoni. "Haya ingieni, maji yamechemka!" Nikasema hapana, asante, tumetoka kunywa sasa hivi. "Kikombe kidogo tu." Hapana kweli, Bina, tuna safari. "Cha kusimama basi, hata koti msivue!" Ndugu Mhariri, makoti tulivua. Kikombe kile kidogo kilifuatana na mkate wa kahawia, siagi, mapande ya nyama ya nguruwe, keki ya zabibu, na picha zote za harusi ya binti yake aliyeolewa Australia, pamoja na za mbwa wa bwana harusi. Tukatoka hapo tukaingia kwa jirani yake, kwa sababu alikuwa ametuona tukiingia kwa Bina, na kumpita kungekuwa ni kutangaza vita. Jioni ya siku ya kwanza nikageuka nyuma, nikaona vizuri kabisa nguo zangu nilizoanika asubuhi.

Najua tulivyolelewa. Hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni kumwonea huruma mwenyeji, ya tatu unauliza uketi wapi. Desturi hii imezeeka na inatuua. Nadai kanuni mpya kwa parokia nzima: mtu mzima mwenye akili zake akisema hapana mara moja, iwe ni hapana, na anayemwuliza achukue birika lake aende zake.

2. Wanaoegemea mageti. Nani amewafundisha watu wetu kusema "si mbali"? Tulimkuta mzee mmoja geti limembeba, tukamwuliza Rinnaglas. "Mmeshafika, mama! Kilima kimoja tu kimebaki." Kilima hicho kilikuwa na mtoto, na mtoto naye alikuwa na wajukuu. Siku ya pili tukarudi kwenye geti lile lile kwa sababu barabara aliyotupa ilikuwa ya duara. Nikamshika: kwa nini ulitudanganya? Akasema bila aibu, "Ningekwambia ukweli ungelia, na mvua yenyewe hii." Nashauri mageti yote yapigwe misumari kwa juu, kusudi anayeegemea aseme kweli upesi.

3. Upepo. Ulitupiga usoni tukienda. Tulipogeuka, nao ukageuka. Siilaumu parokia, ila nataka iandikwe mahali.

4. Wenye kujua ukoo. Tulipofika nyumba ya wageni ya kwanza, tukiwa tumelowa mpaka kwenye soksi, tulikaa mezani kwa supu. Hapo Colman akaweka kijiko chini. Akakohoa. Nakwambia, Mhariri, navijua vikohozi vyake vyote, na hiki sikuwahi kukisikia. Nadhani mnara ulianza kuonekana kwake mbali sana, akaamua kuokoa muda. "Attracta," akaanza. Na mama mzee Honor Tolan, mama wa mwenye nyumba, ambaye tulidhani amelala kitini, akafumbua jicho moja. "Wewe ni wa nani?"

"Wa Lavelle, mama."

"Lavelle wa bondeni au Lavelle wa kisimani?"

Ikawa basi. Alishika vidole vyake akaanza kutuhesabia mababu, na kwa kila kidole Colman alizidi kupauka, maana ilionekana nyanya yake na babu yangu walikuwa karibu kuliko ilivyofaa. "Mmh," akasema yule mama, "nyinyi wawili mwendeshe baiskeli tu, msizidishe." Tulikaa roho juu mpaka supu ikaganda. Ndipo akakumbuka kwamba yule Gilvarry, babu yangu, alikuwa mpangaji tu katika nyumba ile, wala hakuwa damu ya mtu. Lakini kikohozi kilikuwa kimeshakufa. Nadai mtu akipita miaka themanini apigwe marufuku kujua nyanya ya mtu yeyote isipokuwa yake.

5. Marehemu. Hapa ndipo nilipoumia.

Siku ya mwisho jua lilitoka, jambo ambalo lilitutia wasiwasi. Tukapanda, tukateremka, na ghafla nikauona mnara wa taa, mweupe, umesimama ukingoni kama mtu anayetungoja. Colman akauona. Akanyoosha kofia yake. Na kutoka mlangoni mwa kanisa dogo pale njiani likatoka jeneza la mtu aitwaye Thady Ruddy, likielekea kwetu.

Unajua inavyopasa. Ukikutana na maiti njiani, humpi mgongo: unageuka, unatembea naye hatua tatu, kisha unaendelea na shughuli zako. Tukashuka, tukageuka na baiskeli zetu, tukapiga hatua. Lakini hakuna aliyewahi kukubaliana na mwenzake hatua ya tatu inaishia wapi, na ni nani anataka kuonekana ameinyima maiti hatua? Tukawa tunaangaliana, kila mmoja anangoja mwenzake asimame. Wakati huohuo mbebaji mmoja mgongo ukamkataa. "Wewe kijana," wakamwita Colman, mtu wa miaka hamsini na tano, "una bega zuri. Kidogo tu, mpaka kwenye gari." Nikasema hapana, jamani, tuna safari. Nani alinisikia?

Basi Colman Lavelle, akiwa amevaa kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli na kizibao cha manjano kinachowaka, alimbeba Thady Ruddy, mtu asiyemjua kabisa. Mimi nilikuwa nyuma. Niliyoyaona hayafai kuonekana mazikoni. Mjane mwenyewe alifuta machozi akaninong'oneza, "Thady angefurahi sana. Alipenda watu wenye miguu mizuri." Nikadhani tumemaliza, kumbe marehemu alikuwa ameusia azikwe kwa watu wake, na watu wake wako wapi? Kilbrackan! Tukatiwa garini kabla hatujasema neno, baiskeli zikatupwa kwenye tela la trekta, na safari iliyotugharimu siku zote zile ikarudishwa nyuma kwa muda wa kusali rozari moja. Tukazika. Tukalishwa. Jioni nilikuwa mlangoni kwangu, nimeshiba, na Colman ameshakumbuka ng'ombe.

Nilipofunga mlango nililia, Ndugu Mhariri, na si kwa ajili ya miguu. Mtu huwa na siku moja ya jua na mnara mmoja. Kwa hiyo nadai kwamba yeyote anayekusudia kufa wakati wa kiangazi atoe taarifa katika jarida lako mapema, na atumie barabara ya ndani.

Naamini utayashughulikia haya bila woga, hata kwa Bina, ambaye umwambie keki ilikuwa nzuri. Nisalimie Padri, wanakwaya, fundi wa kengele, na mama Honor, kama bado hajapigwa marufuku. Nisalimie pia mjane wa Thady.

Wako katika uchovu na haki,
Attracta Gilvarry

Tanbihi: Simamisha mashine! Kabla sijafunga bahasha, Colman ameingia, na leo si Jumapili. Nikamweka kitini, na maji yakiwa jikoni nikamsomea lalamiko la kwanza kwa sauti, kwa fahari, pamoja na kanuni yangu mpya. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasimama, akavua kofia, na bila mnara, bila kikohozi, akasema, "Attracta, unaonaje tukioana?" Na mdomo huu nilioulisha miaka hamsini na zaidi ukajibu wenyewe, "Ah, hapana, Colman, usijisumbue."

Nikangoja aniulize mara ya pili. Akaniangalia, akaiangalia barua, akasema kwa heshima, "Sawa, nimekuelewa." Akavaa kofia akaondoka.

Choma kanuni yangu. Choma ukurasa mzima! Watu waulizwe mara tatu, mara kumi, washikwe mikono, wavuliwe makoti. Na badala ya barua hii, tafadhali chapisha tangazo moja katika ukurasa wa vifo, kwa maana Colman hasomi mwingine: "Bi. Attracta Gilvarry wa Nyumba ya Bluu anamwarifu Bw. Colman Lavelle, mbele ya parokia nzima: uliza tena."