Mashine ya Kukatia Maboksi ya Keki

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimejitolea. Mkono ulipanda wenyewe jana baada ya ibada. Mimi sikuutuma.

Mama Chepyegon, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu hapa Mogogosiek, aliuliza ni nani atakayetengeneza maboksi ya keki ya harusi ya Kiplangat, mwana wa mchungaji. Hakuna aliyejitokeza. Kila harusi kwa miaka mingi maboksi hayo yalitoka kwangu, mezani pa Janeffer, mke wangu. Alitaka wakwe warudi kwao na keki isiyo na alama za vidole. Karatasi ya manila, wembe, rula. Basi. Tulimzika Februari.

Nilipoinua mkono, mkono mwingine ulipanda nyuma yangu. Nyaberi! Mwenye duka la madaftari na bahasha. Ana mashine ya kukatia karatasi. Hakuna asiyejua, maana hutukumbusha kila wiki.

Mama Chepyegon akaamua kila mmoja alete mfano Jumapili ijayo. Atakayeshinda atakuwa fundi wa maboksi wa kanisa, si kwa harusi hii tu, moja kwa moja.

Yaani kazi ya Janeffer ihamie dukani kwa Nyaberi, ikae kati ya wino na kalamu za risasi. Haiwezekani!

Sijawahi kutengeneza boksi. Hilo ni jambo dogo. Nyaberi ana mashine, nami nitachagua mashine. Iliyo bora kuliko yake.

Jumanne, 6 Agosti

Kericho mjini. Nilivaa tai. Mtu anayekwenda kuchagua mashine hawezi kwenda shingo wazi.

Muuzaji, binti mpole aitwaye Adoyo, alinionyesha tatu. Ya kwanza ubao wenye kisu kirefu cha kushushwa kwa mkono. Hiyo ni ya akina Nyaberi, sikuigusa. Ya pili kigurudumu kikali kinachotembea juu ya rula ya chuma. Kizuri, lakini hakina sauti. Mashine isiyo na sauti nani ataiogopa? Ya tatu ilikuwa nyuma kabisa, chini ya turubai, imetoka kwa wachapishaji waliofunga kazi. Chuma kitupu. Unazungusha usukani, kisu kinashuka, rundo zima linakatika kama ndizi mbivu. Nilisimama mbele yake kama mtu aliye mbele ya fahali wa maonyesho.

Adoyo aliuliza ninataka kukata nini. Nikasema maboksi ya keki. Akauliza ya harusi ngapi. Nikasema moja, kwa sasa. Akaniambia, bila kucheka, "Mzee, kwa hiyo moja hata wembe unatosha." Nikamweleza kwamba kazi hukua. Akanitajia bei ya ile ya chuma. Nikavaa kofia yangu, nikamshukuru sana.

Nimerudi na picha ya mashine hiyo tu, karatasi ya matangazo. Nimeiegemeza ukutani mezani pa Janeffer. Alipokuwa akikata alitoa ncha ya ulimi. Mstari ukiwa mrefu, ulimi nao ulizidi kutoka. Sijui kwa nini nimekumbuka hilo leo.

Jumatano, 7 Agosti

Upelelezi. Kama siwezi kununua mashine, lazima nijue ya adui inafanyaje kazi.

Nilibeba ile picha yetu ya Krismasi, mimi na Janeffer mbele ya mlango, nikamwomba Nyaberi aipunguze ili iingie kwenye fremu. Akauliza nataka ipungue kiasi gani. Nikasema yeye akate tu. Nikainama karibu kuona kisu kinaposhikana na ubao. Akaniuliza, "Mzee Mathew, unatazama picha au unatazama mashine?" Nikasema vyote viwili. Nikasogea. Akaniambia nitoe kichwa. Nikatoa, nikagusa mkono wake. Kisu kikashuka.

Janeffer amebaki mzima. Mimi nimepoteza sikio na bega moja.

Nyaberi aliokota kile kipande sakafuni, akanirudishia. Akakataa nilipe. Nikamwambia si neno, kwamba aliyepaswa kubaki amebaki. Nilitaka kumchukia njiani nikirudi. Mvua ikanyesha, nikashughulika na kuficha picha ndani ya koti, nikasahau.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata! Nimepata bila tai na bila kwenda Kericho!

Asubuhi nilikuwa nikimkatia ng'ombe wetu, Malkia, majani ya nepia. Nazungusha gurudumu, visu viwili vinapita, nepia inaanguka vipande vilivyo sawa. Sawa kabisa! Nikasimama. Miaka yote hii mashine ya kukatia imekuwa humu zizini, nami nazunguka madukani!

Nikaleta manila. Nikailisha mashine kwa uangalifu, nikazungusha. Ikatoka upande wa pili ikiwa riboni. Nzuri sana, nyembamba, zote upana mmoja. Lakini keki haifungwi kwa riboni.

Nilipogeuka kutafuta manila nyingine, Malkia alikuwa amekula zile riboni zote. Wala hakuonyesha kujuta.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeijua siri. Ni kuzungusha polepole sana na kuvuta karatasi haraka sana. Nimenoa visu kwa jiwe. Kabla ya mchana nikapata kipande chenye pembe nne! Nikakiinua juu. Hakuna aliyeona isipokuwa ng'ombe.

Kisha nikagundua kwamba boksi si kipande chenye pembe nne. Lina mikunjo na masikio na mambo mengine.

Juu ya kabati kuna boksi moja la mwisho la Janeffer, la ule mwezi alipoanza kuumwa. Nilipanga kulifungua na kulilaza mezani, nichore umbo lake. Nikalishika. Mkunjo mmoja una alama ya ukucha wake, pale alipokuwa akiukaza. Nikilifungua, sijui kama nitaweza kulirudisha. Basi nikalizunguka kwa macho, juu, pembeni na chini, nikachora nilichoona kwa nje. Inatosha. Boksi ni kile kinachoonekana.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimegundisha kwa uji mzito wa unga wa ngano. Maboksi manne ya mfano yamesimama mezani. Yana rangi ya kijani kidogo, ya nepia. Hiyo ni rangi ya Kericho nzima, nani atalalamika?

Binti yangu Dorine amefika kutoka Chebunyo, anakofundisha. Akatazama maboksi, akatazama nepia kwenye nywele zangu, akauliza kwa nini sikutumia wembe na rula kama Mama. Nikamweleza kwamba dunia imeenda mbele, kwamba Nyaberi ana mashine. Akasema, "Baba, hakuna aliyeomba mashine. Waliomba maboksi."

Walimu wana tabia ya kusahihisha hata siku za likizo.

Baadaye nilimwona amelishika lile boksi la juu ya kabati. Hakulifungua yeye pia.

Jumapili, 11 Agosti

Niandike haraka nimalizane nalo.

Baada ya ibada maboksi yaliwekwa juu ya meza mbele. Ya Nyaberi meupe, yamenyooka kama askari. Yangu yamesimama pia. Mama Chepyegon akainua moja langu, akalinusa. Akalinusa tena. Akauliza, "Baba Dorine, keki yenyewe itakuwa ya nepia?" Akina mama wakaziba midomo kwa leso.

Akatia kipande cha keki ndani. Akafunga vizuri. Akaliinua ili kumkabidhi mchungaji.

Boksi likapanda. Keki haikupanda. Ilianguka juu ya kiatu cha mchungaji, upande wa sukari ukiwa chini.

Joab wa kwaya, kwa sauti yake ile nzito, akatangaza kwamba hilo si boksi, ni dirisha. Kanisa likavunjika mbavu. Hata mchungaji alicheka, akijifuta kwa karatasi ya matangazo ya ibada. Nyaberi peke yake hakucheka. Hilo liliniuma kuliko yote.

Kazi amepewa Nyaberi. Nilimpa mkono. Nikaja nyumbani, nikakusanya wembe na rula, nikaviweka kwenye droo. Nikavitoa tena. Droo ni mahali pa vitu visivyo na kazi.

Jumanne, 13 Agosti

Walikuja jioni, Nyaberi na mkewe Nyakerario. Nyaberi alikaa kwenye ncha ya kiti akigeuzageuza kofia. Nikafikiri ni habari ya lile sikio langu la pichani.

Kumbe ameharibu manila ya kutosha kufunika paa! Mashine yake inakata mistari iliyonyooka tu. Mifano ile ya Jumapili ilikunjwa na Nyakerario, na sasa Nyakerario amekataa kukunja hata moja. Nyaberi akasema, "Mzee Mathew, mwambie wewe. Mimi hanisikii." Mke wake akamwambia anyamaze kidogo. Kisha akanigeukia.

Akasema, "Baba Dorine, hii kazi ilikuwa ya rafiki yangu. Siwezi kuishika kabla hujaniambia nishike."

Nikauliza alijifunzia wapi. Kwenye kituo cha majani chai, akasema. Jioni tukingoja lori la kiwanda lije kuchukua chai, wanawake walikaa upande ule wa vikapu, na Janeffer alikuwa na vipande vya manila ndani ya kanga. Lori likichelewa, walikunja. Na lori lilichelewa kila siku. Mimi nilikuwa papo hapo, upande wa wanaume, nikibishana kuhusu mahali lilipokwama.

Nilivuta kiti cha Janeffer, nikakifuta vumbi, nikamwambia akae.

Akakunja. Chini ya boksi kuna masikio manne yanayoumana kwa ndani, bila gundi. Kwa nje huyaoni kabisa! Hakutoa ulimi. Kila mtu na namna yake.

Nyaberi na mimi tumepewa kazi ya kuchonga yale masikio kwa wembe. Sasa tuna plasta vidoleni, yeye mbili, mimi tatu. Anasema tatu ni kwa sababu ya uzee. Tumezaliwa mwaka mmoja!

Jumapili, 18 Agosti

Harusi ilikuwa jana. Mvua ilingoja mpaka keki ikakatwa, kisha ikamwagika. Wakwe walipanda magari na maboksi wakiyakumbatia kifuani. Hakuna keki iliyoanguka.

Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja wa kutoka Mulot, aligeuza boksi lake juu chini, akasifu kazi, akauliza ni ya nani. Mama Chepyegon akamjibu, "Hii ni kazi ya Janeffer." Hakusema ilikuwa. Nikatoka nje kidogo, nikasimama kutazama majani chai, ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

Imeamuliwa Nyakerario ndiye fundi, na meza ni ile ile, hapa kwangu. Nimefurahi. Kikombe chake tayari kina mahali pake kwenye kabati.

Usiku wa jana nilifikiri kwa kina juu ya makosa yangu, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimeona ni moja tu. Nilihangaika kutafuta mashine ya kukata, kumbe shida haikuwa kukata. Shida ilikuwa kukunja! Kukata, nakubali, ni kwa mkono. Lakini kukunja hakuna aliyewahi kujaribu na mashine katika wilaya hii.

Yule shangazi ameniambia kwao Mulot kuna mkulima wa ngano anauza mashine ya kufunga marobota ya mabua. Inashika, inakunja, inabana, inafunga, yote kwa mpigo mmoja. Nimewaza: robota ni nini, kama si boksi lisilo na keki?

Nilikusudia kwenda peke yangu kesho, kimyakimya. Lakini Nyaberi alinikuta nikipiga tai pasi, akauliza, nikamweleza. Akatazama mawingu. Kisha akasema ataazima pikapu ya shemeji yake na turubai, mashine isije ikalowa njiani.